Ofisi ya Neno la Pili

Nchi ya Unenamoja ipo, na anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusikiliza. Safari ya kuifikia haina la kusimulia. Mwasiti binti Salehe aliifikia miguu imemvimba, ana kapu moja, na ndani ya kapu vifaa vyake vya ukunga vimefungwa kwenye kitambaa kilichochemshwa. Habari zenyewe zinaanzia pale mtu anapoingia mjini, darajani.

Daraja la Unenamoja limejengwa kwa mawe ya kuchonga, lina taa na vibao vya shaba, na linaishia hewani. Enzi za mababu, fundi wa kwanza aliutazama mto akasema una upana wa hatua arobaini. Una hatua hamsini na mbili. Lakini arobaini zilikwisha kusemwa, zikajengwa, na fundi akachongewa sanamu. Mpaka leo watu wa huko hutembea kwa madaha hadi mwisho wa mawe, huvua viatu, hushuka kwa kamba, humalizia mto maji yakiwa kiunoni, kisha hupanda ukingo wa pili wakisifu uimara wa daraja lao. Mwasiti alimkuta bwana mmoja akikamua suruali, akamuuliza kwa nini hawaupimi upya.

"Upya?" Yule bwana alimtazama kama aliyetukaniwa mama. "Bibi, mto ulishapimwa."

Mwasiti alicheka. Alikuja kukijutia kicheko kile.

Alikuwa ameitwa na mdogo wake, Shufaa, aliyeolewa huko miaka sita iliyopita na mwanamume mpole aitwaye Vuai. Shufaa alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ya kwanza ilikwisha vibaya, na siku ile ile dada yake alipofika, kabla hata ya kumpa maji, alimvuta chumbani akafunga mlango.

"Dada, nilimsikia," alinong'ona. "Yule wa kwanza. Mkunga wa serikali alimtazama mara moja tu, akasema hayupo. Karani akaandika. Wakamfunika, wakamtoa. Lakini nilisikia sauti, dada, kama ya paka mdogo. Nikauliza nani analia. Mama mkwe akaniambia hakuna anayelia."

"Na Vuai?"

"Vuai alilia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka."

Mwasiti alikuwa mkunga kwa miaka kumi na minane. Alikuwa amepokea watoto kwenye mikeka, ndani ya magari yaliyokwama, na mara moja kwenye foleni ya kupiga kura. Alimshika mdogo wake mikono yote miwili akamwambia, "Huyu nitampokea mimi. Hatamgusa mtu mwingine." Shufaa akalia kwa kwikwi, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba peke yake miaka miwili.

Sasa ieleweke sheria ya nchi ile. Unenamoja kila jambo lina neno lake la kwanza, na anayelitoa ni ofisa aitwaye Mtamkaji. Kuna Watamkaji wa mito, wa mipaka, wa ndoa, na wa magonjwa; wa uzazi ni mkunga wa serikali, na yeye peke yake hutazama na kutamka papo hapo. Neno likishatamkwa mbele ya karani huwa ndivyo lilivyo. Mtamkaji mwingine yeyote haruhusiwi kujionea mwenyewe, kwa kuwa macho yake yanaweza kumpendelea mtu. Anasikiliza shahidi, na shahidi hachaguliwi kwa alichokiona. Anachaguliwa kwa cheo. Katika waliokuwepo, mwenye cheo kikubwa ndiye aliyeona, wengine wote walikuwepo tu. Mgeni, kwa mpangilio wa vyeo vyao, yuko chini ya mwenye genge na juu kidogo ya mbuzi.

Siku ya tatu ya Mwasiti mjini ilikuwa sikukuu ya Fundi wa Daraja. Mji mzima ulisimama uwanjani tangu asubuhi, jua likiwachoma utosi, kusikiliza vipimo vya daraja vikisomwa jiwe kwa jiwe. Kukaa kitako ni kosa. Mwasiti hakuwa ametia kitu tumboni. Walipofika jiwe la mia mbili na kitu, masikio yake yalianza kuvuma, uwanja ukafifia kuanzia pembeni, akasikia kijasho cha baridi mgongoni. Alisema, "Maji." Kilichofuata hakukijua.

Alipofumbua macho alikuwa chini, kinywani ana kitu cha chuma. Kilikuwa kijiko cha umma. Kijiko hicho huning'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya kila uwanja, kwa ajili ya kuingizwa kinywani mwa mtu yeyote anayeanguka, maana mwanzoni kabisa kuna aliyesema hivyo. Kilimvunja kipande cha jino la mbele. Watu walikuwa wamerudi nyuma hatua kumi, wameziba pua na kuwafunika watoto nyuso. Aliyebaki karibu alikuwa mama mmoja muuza mihogo ya kuchemsha.

"Kapu langu liko wapi?" Mwasiti aliuliza.

"Ninalo, mwanangu." Yule mama akainama akamsemesha kwa haraka, akitazama huku na huku. "Midomo ilikwisha damu kwanza. Ukalainika, ukashuka taratibu kama kanga inayoteleza kwenye kamba. Ulipofika chini ulitikisika kidogo, mara nne tano hivi, basi. Nimekuona vizuri. Lakini mimi si shahidi."

Shahidi alikuwa Mkuu wa Mizani. Wakati Mwasiti anaanguka alikuwa amempa mgongo, anakula sambusa. Mbele ya Mtamkaji wa Magonjwa, Mheshimiwa Ubwa, alieleza jinsi mgonjwa alivyopiga ukelele, akakakamaa kama gogo, akatoka povu, akagaragara robo saa nzima. Alieleza vizuri sana, kwa mikono na macho, kwa sababu ndivyo kila mtu wa huko anavyojua kwamba ugonjwa ule huwa.

Mheshimiwa Ubwa alikuwa mzee wa sauti ya upole, na ungesema ni mtu mwema, maana alikuwa mwema kweli. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta miwani, akasema, "Kifafa." Karani akaandika. Mwasiti akafungwa utepe wa kijivu kwenye kifundo cha mkono, ukashonwa kwa sindano usifunguke, akapewa na chupa ya vidonge vya kumeza maisha yake yote.

"Pole sana, binti," alisema Ubwa.

"Mheshimiwa, mbona mimi hukuniuliza?"

"Wewe ulikuwa umeanguka. Aliyeanguka ataonaje?"

"Na yule bwana alikuwa amenipa mgongo!"

"Lakini ni Mkuu wa Mizani," alijibu Ubwa kwa huruma, akampa kitambaa afute machozi.

Unenamoja, mwenye utepe wa kijivu hakai karibu na moto, hachoti maji kisimani, hapandi ngazi, hali sahani moja na wenzake, na hashiki mtoto mchanga. Hilo la mwisho karani alilisoma mara mbili, kwa kuwa alikuwa ameelezwa kazi ya mgeni. Mwasiti alitoka ofisini akiwa ameshika mkono wenye utepe kwa mkono mwingine, kama unaomuuma.

Ungedhani alijawa na hasira tu. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Miezi minane kabla ya safari, kwao, Mwasiti alijikuta amelala sakafuni jikoni, maziwa yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi, ulimi unamuuma pembeni, na hajui amelala hapo kwa muda gani. Alikuwa peke yake. Akasugua sufuria, akafungua madirisha moshi utoke, na hakumwambia mtu. Mheshimiwa Ubwa hakumuuliza kama iliwahi kumtokea kabla. Lingekuwa swali moja la maana katika shughuli nzima ile, na Mwasiti, akijua kwamba hakuulizwa, aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Si kwamba aliuogopa ugonjwa wenyewe. Alikuwa amewazalisha wanawake wenye kifafa, sita au saba, na wote aliwafundisha kitu kile kile: nyonyesha ukiwa umekaa sakafuni, mbadilishe nguo sakafuni, ukihisi dalili mweke chini mtoto, mwite mtu. Waliwalea watoto wao wakakua. Kilichomtesa Mwasiti ni kutojua. Alikuwa amepewa jibu na mtu aliyemsikiliza mtu aliyekuwa anakula sambusa, na jibu lenyewe pengine lilikuwa kweli.

Jioni ile walikula nyumbani kwa Vuai, yeye akiwa na sahani yake peke yake karibu na mlango. Bi Mize, mama yake Vuai, alikuwa amechora mstari wa chaki kwenye kizingiti cha chumba cha Shufaa, na mstari ule Mwasiti hakutakiwa kuuvuka. Kwa ubaya haikuwa. Ndivyo nyumba zenye utepe zinavyofanya.

"Kuna ofisi," Mwasiti alisema. "Nimepita mbele yake nikarudi nikaitazama. Ofisi ya Neno la Pili."

Bi Mize akaacha kutafuna.

"Ipo," Vuai alikubali. "Ni ya haki kabisa. Sheria yetu haimnyimi mtu. Lakini haiendwi, shemeji."

"Kwa nini?"

"Ukiuliza mara ya pili, nani atakuzuia kuuliza ya tatu? Na ya nne? Mtu atalala lini?"

"Atalala akishajua."

"Sisi tunalala," Vuai alisema kwa upole. "Tumelala vizuri miaka yote hii."

Bi Mize akanawa mikono, akaeleza lililobaki kama anavyomweleza mtoto. Nyumba inayoomba neno la pili hutiwa alama mlangoni, ikawa nyumba ya shaka kwa siku arobaini. Mtamkaji hakanyagi hapo. Mkunga wa serikali hakanyagi. Mtu hawezi kudharau neno huku akilihitaji. "Wewe nenda kaulize," alisema. "Ukiambiwa huna kifafa, vizuri, utamzalisha mdogo wako. Ukiambiwa unacho, utepe utabaki, na mkunga hatakuja. Mke wa mwanangu atazaa na nani? Na paka?"

Ndani ya chumba, nyuma ya mstari wa chaki, Shufaa alisema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, "Muache dada aulize!"

"Nyamaza, mama," Vuai alimwambia mkewe. "Usijitie uchungu mapema."

Usiku ule na uliofuata Mwasiti hakulala. Kila alipojaribu kupima, mizani ilikuwa ile ile, na kwenye kila kitanga kulikuwa na Shufaa. Asipouliza, mtoto atapokelewa na macho yale yale yaliyomtazama wa kwanza. Akiuliza na jibu likawa baya, Shufaa atajifungua peke yake, na dada yake amesimama nje ya mstari kama mlinzi wa duka. Na jibu litakuwaje? Akikumbuka uwanja, alijiambia ni jua na njaa, kuzimia tu, hata mwanafunzi wa ukunga angelijua. Akikumbuka sufuria nyeusi, alianza kupima upya.

Asubuhi ya siku ya tano alikwenda.

Ofisi ya Neno la Pili ilikuwa safi kuliko ofisi zote za mji ule. Sakafu inapigwa deki kila siku, fomu zimepangwa sawasawa, wino haujakauka. Karani wake alikuwa bwana wa miaka hamsini na kitu, jina lake Ngwali, shingoni ana utepe wa kahawia wa uziwi. Mwasiti alikuwa amesimuliwa habari zake. Serikali ilimchagua kiziwi makusudi, asije akasumbuliwa na malalamiko.

Alichukua fomu akaanza kuonyesha kwa vidole anachotaka. Ngwali akamtazama kidogo, akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa.

"Sema tu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nasikia."

Mwasiti aliangusha fomu.

"Nasikia tangu nizaliwe. Nilipokuwa na miaka minane baba aliniita nikakataa kuitika, nilimnunia. Alikuwa Mkuu wa Soko. Akamwambia Mtamkaji kwamba mtoto hasikii." Ngwali aliinua fomu sakafuni akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mama alinisemesha kwa vidole mpaka akafa. Nilikuwa namsikia usiku akiomba Mungu nisikie."

"Na umekaa kwenye ofisi hii hii! Mlango ni ule pale! Kwa nini hukuuliza?"

"Kwanza nilikuwa mdogo. Halafu nilikuwa na haya. Sasa nina miaka hamsini na mitatu, dada yangu. Nikiuliza leo, nikaambiwa nasikia, nitakuwa nimeambiwa pia kwamba nilikuwa nasikia siku zote. Hiyo miaka yote nitaipeleka wapi?" Alisema bila kulalamika, kama anayetaja namba ya kiatu chake. "Lakini wewe wako una siku mbili tu. Siku mbili mtu anaweza kuzibeba. Andika upesi."

Mwasiti aliandika. Jina lake alilikosea, akaomba fomu nyingine. Nyuma ya Ngwali mlango ulikuwa wazi nusu, na chumbani alimwona Mtamkaji wa Pili mwenyewe, bibi mkongwe aitwaye Kazija, amekaa wima mezani, kalamu mkononi. Bibi yule ndiye Mtamkaji pekee aliyeruhusiwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe, na alikuwa amekaa pale miaka thelathini na mmoja hajauliza mtu hata swali moja. Mbele yake palikuwa na kiti kitupu chenye mto mpya. Alimwona Mwasiti, na uso wake wote ukafunguka.

"Karibu," alisema Bi Kazija. "Karibu, mwanangu, ukae. Nieleze tangu mwanzo kabisa. Nina nafasi."

Mpaka kwenye kiti kile ni hatua nne. Mwasiti alijua kwamba akikaa atasema yote: uwanja, jua, midomo, na jikoni pia, sufuria, ulimi, moshi. Alitaka kusema kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alipiga hatua mbili.

"Shemeji!"

Vuai alikuwa mlangoni, anahema, suruali imelowa hadi kiunoni kwa kuvuka chini ya daraja lao. Uchungu ulikuwa umemshika Shufaa tangu alfajiri, akauficha, ili dada yake apate muda wa kwenda. Sasa chupa ilikuwa imepasuka, na maji yake yalikuwa ya kijani.

Maji ya kijani. Mkunga yeyote anajua maana yake: mtoto amechoka huko ndani, na kila dakika ina kazi yake.

"Mkunga yuko nje ya nyumba," Vuai alisema huku analia. "Amesikia uko huku, hataki kuingia. Mpaka apate karatasi. Shemeji, nakuomba. Nitapiga magoti hapa hapa."

"Nipeleke mimi. Nimzalishe mimi!"

"Wakikuona unavuka mstari watakutoa kwa nguvu, na yeye atabaki bila mtu. Unawajua? Mimi nawajua, ni ndugu zangu. Shemeji, tia sahihi."

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa Hati ya Kutosheka. Ilikuwa na mistari miwili tu: kwamba fulani ametosheka na neno lililotamkwa juu yake, na kwamba hataomba lingine, juu yake wala juu ya chochote. Mwasiti alimtazama Bi Kazija, ambaye alikuwa bado ameshika kalamu juu juu. Akamtazama Ngwali, na Ngwali aliinamisha macho mezani, amekuwa kiziwi tena.

Akatia sahihi. Alipokuwa anatoka alimsikia yule bibi akisema, taratibu, labda kwa kiti, "Haya. Siku nyingine."

Kilichofuata kilichukua muda mrefu kuliko kinavyosimuliwa. Tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana Mwasiti alisimama nje ya mstari wa chaki. Hakula, hakunywa, hakukaa. Aliona mgongo wa mkunga wa serikali, mwanamke mnene mwenye mikono safi, aliona miguu ya Shufaa, na alimsikia mdogo wake akiita, "Dada, upo?" Kila mara alijibu, "Nipo." Mara mbili alimwambia mkunga amgeuze mzazi ubavu, na mara mbili mkunga alijibu kwamba mzazi alishalazwa.

Mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, rangi ya majivu, amelegea. Mkunga alimwinua kwa miguu, akamtazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akasema, "Hayupo."

Karani aliyekuwa pembeni ya dirisha akaandika.

Bi Mize akainamisha kichwa. Vuai akajifunika uso kwa mikono. Mkunga akamlaza mtoto kwenye beseni, akaanza kukunjua mikono ya gauni lake, maana kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Mwasiti, kutoka mlangoni, alikuwa anatazama kitovu. Kamba ya kitovu ilikuwa bado haijakatwa, imelala ubavuni mwa beseni, nono na ya kibuluu, na ilikuwa inadunda. Polepole, lakini inadunda. Alikuwa ametia sahihi kwamba hataomba neno lingine juu ya chochote. Hakuomba. Alivuka mstari.

Alimpangusa kinywa kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akatoa uchafu wa kijani. Akamsugua mgongo kwa kanga, kwa nguvu, kama anayeng'arisha shaba. Akaweka midomo yake juu ya pua na kinywa kile kidogo akampulizia pumzi ndogo, ya shavuni tu, mara moja, mara mbili, mara tano. Hakuna aliyemzuia. Walikuwa wameshangaa mno. Majivu yakaanza kugeuka waridi kuanzia kifuani. Mtoto akakunja uso, akakasirika, akalia.

Kilio kilikuwa chembamba, kama cha paka mdogo, kisha kikawa kikubwa. Mwasiti akafunga kitovu, akakikata, akampakata mtoto.

"Nimeshatamka," alisema mkunga, uso umempauka.

"Imeshaandikwa," alisema karani, na kweli wino ulikuwa umekauka.

Bi Mize alikwenda akafunga dirisha, ili majirani wasisikie. Wasisikie nini, hakusema. Watu wote wa chumba kile waliinua nyuso wakatazama dari, ukuta, kanzu iliyotundikwa, kila kitu kasoro mikono ya Mwasiti. Sheria yao haikuwa na mahali pa kumweka mtoto yule. Hangepewa jina, hangeandikiwa mgao wa uji, hangesalimiwa njiani. Angetembea mjini kwao kama wanavyotembea kwenye zile hatua kumi na mbili za mto ambazo daraja lao halizijui.

Hapo ndipo masikio ya Mwasiti yalipoanza kuvuma.

Chumba kikafifia kuanzia pembeni. Kijasho cha baridi kikashuka mgongoni. Huenda ilikuwa njaa na kusimama tangu asubuhi. Huenda ilikuwa ile ya jikoni. Ingekuwa njaa, angeinama kidogo na ingepita. Ingekuwa ile nyingine, mikono yake ingemsaliti mtoto huyu baada ya muda usiozidi ule wa kufunga kifungo. Hilo ndilo jambo pekee alilohitaji kulijua duniani, na aliyekuwa tayari kumsikiliza alikuwa amekaa na kalamu yake ng'ambo ya mji, mbele ya kiti kitupu.

Alifanya alichowafundisha wale wanawake sita au saba. Alishuka sakafuni kwa magoti, kisha makalio, akamleta mtoto mapajani.

"Mnishikie mtoto," alisema. "Jamani, upesi. Mnishikie."

Vuai alinyoosha mikono. Ilifika nusu ya njia, ikasimama. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni.

"Shemeji," alisema, na alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, "mtoto gani?"

Mwasiti akatandaza kanga sakafuni, akamlaza mtoto juu yake. Akajisukuma nyuma kwa visigino, urefu wa mkono mmoja, kisha miwili, mbali naye, asije akamwangukia. Mtoto akapiga mateke hewani akilia, peke yake katikati ya chumba kilichojaa ndugu zake.

Kitandani, Shufaa alikuwa amefumbua macho.

"Dada," aliita. "Nani analia?"

"Hakuna anayelia," alisema Bi Mize.

Mwasiti hakuwa anaona tena zaidi ya duara dogo la mwanga. Ulimi ulikuwa mzito, lakini aliusogeza.

"Mwanao," alisema.

Hilo lilikuwa neno la pili. Kama lilisikika, hakupata kujua. Kitu cha mwisho alichokiona, kabla duara halijafunga, ni unyayo wa mdogo wake, una damu, ukitafuta sakafu.